Kujisomea mita yako mwenyewe ni kuichezea?
Haya wakubwa na wadogo, hebu nisaidieni, hapa Kisauni tumebishana baada ya magharibi mpaka baraza ikavunjika. Mie mpangaji, mita yangu ya tokeni iko kwenye korido, na yuniti zaisha mbio ajabu. Nikachukua sensa ya mwanga, rezista moja na bodi ndogo ya ESP32 (kikompyuta kidogo chenye waifai), nikaibandika sensa kwa tepu nyeusi juu ya kile kitaa chekundu cha mita. Sikufungua kitu, sikugusa waya wa stima hata mmoja, sili iko vile vile.

Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kitaa kikimeta mara elfu, yuniti moja ishaenda. Kwa hivyo kikimeta kila sekunde 36 walipia wati 100, kila sekunde 3.6 ni kilowati nzima (ndio mambo ya pasi ya stima hayo). Sasa usiku, taa zote zimezimwa, feni imezimwa, nyumba kimya, nakuta kila sekunde 24 chameta, wati 150, mpaka alfajiri bila kupumzika. Kumbe ni friji! Mpira wa mlango umekufa, baridi yatoka, mota haizimi, hiyo ni yuniti 3.6 kwa siku na mie nasingizia watoto na chaja zao.

Mwenye nyumba kaona waya kaniambia ng'oa, kuchezea mita ni kesi. Kweli Sheria ya Kawi ya 2019 haitaki mtu aingilie mita, lakini jamani, kuangalia taa ni kuingilia?

– Mwenye nyumba hana makosa kaka. Mie mwenyewe nina vyumba vya kupangisha, na najua watu waliovuta stima juu kwa juu wakaniachia balaa. Mkaguzi akija akute mita ina tepu na waya, atakuuliza sensa ni nini? Akata kwanza. Na wapangaji wengine wote wakae giza kwa sababu ya friji yako.

– Hapo mwaogopesha watu bure. Uholanzi mita ina kitundu chake kabisa, chaitwa P1, mteja achomeka waya wake, na mita mpya zatoa data kila sekunde. Watu wajitengenezea saketi nyumbani, transista moja na rezista mbili hivi za kugeuza mawimbi maana yatoka kinyume, na hakuna anayeitwa mwizi. Sisi ndio twabandika tepu kama waganga.

– Sawa, lakini hiyo data waituma wapi? Kama ni waifai ya ploti nzima, yeyote akiipata ajua saa ngapi hauko nyumbani. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo.

Hilo la waifai limenishika, sikulifikiria, leo nimeizima, data yaenda kwenye kadi ya memori tu. La mkaguzi silikubali sana ila nimetoa ile tepu nyeusi, nimeweka kibanio kinachotoka kwa mkono mmoja, na mwenye nyumba nimemwita aone mwenyewe. Kaangalia, kanyamaza, kisha kaniuliza kama naweza kumuwekea ya pampu yake ya maji.