Vitunguu vya pete hotelini: kizuri unakijuaje?

BintiMakulu: Mbukwenyi wana jukwaa. Kamati ya sendoff ya mdogo wangu imenipa kazi ya kuonja chakula kwenye hoteli moja hapa Dodoma. Meneja anasifia sana vitunguu vyao vya pete, vile vinavyokatwa duara, vikavikwa ganda la unga na kukaangwa, anataka viwe chakula cha kuanzia. Vilikuja vina rangi nzuri ya dhahabu, vimerundikwa juu kwa juu. Kuuma tu cha kwanza, kitunguu kikachomoka kizima, ganda likabaki tupu mkononi. Vya chini vilishalainika, karatasi imelowa mafuta. Wenzangu wanasema nachagua mno. Nyie mnapimaje?

JikoniMajengo: Dada, hujachagua mno. Nimekaanga hotelini miaka mingi, na hicho cha kuchomoka ndicho ninachokiangalia kabla ya vyote. Rangi achana nayo, hata unga mtupu ukikaangwa unaipata.

Kati ya tabaka na tabaka la kitunguu kuna ngozi nyembamba kama nailoni. Isipobanduliwa, unga hauishiki na meno hayaikati, ndiyo maana unavuta chote. Halafu pete zikaushwe maji, zipitishwe kwenye unga mkavu, ndipo zichovywe kwenye uji wa ngano. Huo unga mkavu ndio unaorukwa wateja wakijaa, hasa Bunge likiwa linakaa. Kitunguu karibu asilimia 90 ni maji. Kikipata moto kinatoa mvuke, na kama unga haukushika, mvuke unalisukuma ganda, vinaachana.

Karatasi kulowa, hapo tazama mafuta. Yanatakiwa yafike nyuzi kama 180. Yakiwa na joto dogo, ganda linayanywa kabla halijakauka, na ukijaza karai kwa mpigo mmoja joto linashuka palepale. Kuzirundika zingali za moto nako kunazilowesha, zilitakiwa zikae kwenye wavu. Na uzinuse: zikinuka samaki, mafuta yale yameshakaanga vingi.

MzigoWaSingida: Mimi natoa vitunguu Singida naleta huko. Waulize wananunua vya ukubwa gani. Kidogo kinakupa pete mbili tatu za maana, kinachobaki ni cha mchuzi. Chagua kikubwa, kigumu, shingo imekauka kabisa. Chenye shingo mbichi kina maji mengi na hakikai. Jingine, ikate pete katikati. Ukikuta kitunguu kimesagwa badala ya tabaka zima, hiyo imetoka kiwandani imegandishwa, jikoni wameitumbukiza tu.

BabaKizota: Yote kweli, ila sendoff ni watu wengi na hotuba hazina mwisho. Hata zikikaangwa vizuri namna gani, zikikaa mezani zinalegea. Sambusa inavumilia kusubiri. Mimi ningeziacha pete kwa meza ya watu wanne.

BintiMakulu: Asanteni sana. Kaka wa Majengo, nimekuelewa vizuri mno. Nitarudi niombe wakaange naona, sahani niiache robo saa ndipo nile. Kikichomoka tena, tunachukua sambusa, na kamati nitawaambia sababu.

JikoniMajengo: Nenda saa saba mchana, dada, wakati jiko limeelemewa. Saa nne asubuhi kila mpishi ni hodari.