Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa hospitali au wa kuja nyumbani? Mtoto katoka upasuaji wa kichwa

MamaJunia: Habari zenu wapendwa. Mwanangu kafanyiwa upasuaji wa kichwa pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo Muhimbili, tunamshukuru Mungu katoka salama. Daktari kasema aanze mazoezi. Nimpeleke hospitali ya CCBRT Msasani mara 2 kwa wiki au nimlipe fizio aje nyumbani? Tuko Mbagala. Jumatatu inabidi niwe nimeshaamua.

Kibuyu78: Pole mama. Ila mbona hujasema ana miaka mingapi, alikuwa na uvimbe au maji kichwani, upande gani dhaifu, mshono umekauka? Tutashauri nini sasa.

MamaJunia: Samahani. Miaka 5, uvimbe, hii wiki ya 7, kidonda kimekauka. Kushoto ndo kudhaifu. Anatembea akishikwa, mguu anauburuza, mkono kaukunja kifuani.

BabaZuu: Dada, nyumbani kuwa makini sana. Mimi nilimchukua jamaa kwa elfu 25 kwa siku, anakuja na mafuta na taa ya joto, anamkanda binti yangu dakika 20 anaondoka, mwezi mzima mtoto hajafundishwa hata kuinuka kwenye kiti, siku moja namuona anamnyanyua kwa ule mkono uliolegea, usiku bega limevimba mtoto analia hadi asubuhi, kumbe bega la upande dhaifu ukilivuta linateguka kirahisi. Baada ya hapo akimuona mtu yeyote kabeba begi anajificha uvunguni. Kukanda sio mazoezi! Mtoto lazima ajisogeze mwenyewe.

Nassra_T: Sio wote wako hivyo jamani. Wetu alituelekeza tumvalishe soksi ule mkono usio na shida ili ule dhaifu ufanye kazi, wiki 3, masaa kadhaa kila siku. Nampa donge la unga wa chapati abonyeze. Mara ya kwanza alilia, akawa anaivua soksi kwa meno. Siku ya 9 kidole gumba kikazama kwenye unga, akakiangalia, akaniangalia. Nililia mimi.

Kibuyu78: Hiyo soksi muulize fizio kwanza, mtoto ambaye bado anaanguka anahitaji mkono mzima wa kujishikia.

Mvuvi_Kgb: Mpelekeni baharini asubuhi, maji yanambeba.

BabaZuu: Baharini na mshono wa kichwa mkuu?

Mvuvi_Kgb: Kasema kimekauka. Mpwa wangu ana mpira wa kutoa maji kichwani toka akiwa mtoto mchanga na anaogelea, daktari ndo aliruhusu.

Nassra_T: Huyo alipona zamani, huyu ana wiki 7. Aulize daktari wake kwanza. Na mama, akianza kutapika asubuhi au kulalamika kichwa, acha mazoezi, rudi hospitali hapohapo.

MamaJunia: Sawa, asanteni. Kinachonitisha ni foleni, Mbagala hadi Msasani anafika kachoka, ataweza mazoezi kweli?

Kibuyu78: Omba miadi ya saa 4, foleni imepungua. Au nenda CCBRT mara 1, wakuoneshe ya kufanya, siku zingine unafanya mwenyewe wakati wa kuoga na kuvaa.

BabaZuu: Bima anayo? Toto Afya Kadi iliposimamishwa 2023 nililipa kila kitu mfukoni.

MamaJunia: Yuko kwenye bima ya baba yake kazini. Halafu kuna kile kiatu cha plastiki cha kuzuia mguu usiburuze, wanapima siku hiyohiyo au unarudi?