Ushauri: Mashine mpya imeingia kiwandani, wazee hawaitaki na vijana hawakai

Kamba_Tatu (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Nipo Tanga, supavaiza kwenye kiwanda kidogo cha kamba za mkonge. Mwezi wa tatu tulifungiwa mashine mpya ya kusokota, ina skrini ya kugusa na sensa (vitambuzi) kila kona. Ile ya zamani shifti moja ilikula watu 9. Hii, kwa maneno ya waliotuuzia, watu 4 wanatosha.

Kwanza, haimalizi saa mbili haijasimama. Ukienda kuangalia unakuta sensa imebandikwa selotepu, au swichi ya mlango wa usalama imeungwa waya ili mashine izunguke kifuniko kikiwa wazi. Ukiuliza nani kafanya, wote macho juu kama wanahesabu mabati.

Nilichukua vijana watatu waliomaliza chuo cha ufundi VETA, skrini wanaichezea kama simu zao. Wawili wameshaondoka. Mmoja yuko Dar, mwingine anaendesha bodaboda, anasema inalipa kuliko sisi (na sina cha kumbishia).

Kinachoninyima usingizi ni bosi. Anataka majina ya watu watano wa kupunguza kila shifti, na la kwanza kichwani mwake ni la mzee wetu mmoja, miaka 30 na ushee kwenye kamba, kompyuta hajui hata kuiwasha. Lakini mzee huyu anagusisha ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia "hii haifiki Ijumaa". Na haifiki.

Nianzie wapi?

fundi_wa_Pongwe

Mkuu, hao watu wako wanalipwaje?

Kamba_Tatu

Mshahara mdogo, halafu bonasi kwa kilo.

fundi_wa_Pongwe

Basi jibu unalo. Mashine ikisimama, bonasi inasimama. Wewe usingebandika selotepu? Halafu kama sensa ni ile ya mwanga, singa (nyuzi za mkonge) zinatoa vumbi na manyoya mno. Yakitanda kwenye kioo, mashine inadhani kuna hitilafu, inajizima. Zima mtambo, futa kioo kwa kitambaa laini, uone. Ila waya wa mlangoni utoe leo hii, usingoje kesho. Nimeshaona mkono wa mtu unavutwa na roli, sitaki hata kusimulia.

BintiChumbageni

Skrini inaandika lugha gani?

Kamba_Tatu

Kiingereza. Sehemu nyingine Kichina.

BintiChumbageni

Na mnashangaa mzee hataki kuigusa! Maneno ya kwenye skrini si chuma, yanabadilishwa kwenye programu. Wadai waliowauzia paswedi na nakala ya programu. Sisi tulipokea mashine bila hivyo viwili, sasa kila kurekebisha kitu kidogo tunamlipia mtu nauli na chumba cha kulala.

Mzee_wa_Ngamiani

Wajukuu, msiwaone watu hawa wakaidi. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge. Ikaja nailoni na plastiki, mashamba yakaingia pori, na kufika mwishoni mwa miaka ya 90 tulikuwa tunazungumzia elfu ishirini hivi. Tanga hapa kila ukoo una mtu aliyerudi nyumbani na barua ya kuachishwa. Mtu wa namna hiyo ukimletea kitu chenye taa zinazowaka ukamwambia "hii inafanya kazi ya watu watano", yeye anahesabu tu yumo au hayumo.

Kalamu_Nyekundu

Hayo majina usiandike kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38: mwajiri anatoa notisi ya kusudio lake, anaeleza sababu, anashauriana na chama au wafanyakazi wenyewe, ikiwemo njia za kuepuka kupunguza na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Orodha iliyoandikwa gizani itawarudi CMA, kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Na mjue malipo ya kuachishwa kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hesabu inaishia miaka 10. Mzee wako wa miaka 30, kama mkataba haumpi zaidi, anaondoka na siku 70.

chapati_mbili

Siku 70! Mwajirini asikilize beringi tu. Mbona redio tunailipia umeme.

fundi_wa_Pongwe

Unacheka lakini ndiyo yenyewe. Mkalishe na yule kijana aliyebaki, mmoja sikio, mmoja skrini. Pia ulizia VETA urasimishaji wa ujuzi, wanampima mtu kwa alichojifunza kazini na kumpa cheti. Na kijana muongezeni chochote, la sivyo naye bodaboda.

Kamba_Tatu

Wakuu, nimetoka kiwandani sasa hivi. Waya nimetoa. Bosi nimemwambia orodha hapati mpaka tukae na wawakilishi wa wafanyakazi. Kanuna, ila kikao ni Jumatano.

Kioo nimefuta mwenyewe. Mashine imekwenda toka saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, haijasimama. Mzee alikuwa pembeni ananitazama, akasema: "Mwanangu, si nilikwambia wiki ile ya kwanza kuwa jicho linaingia vumbi?"

Kweli aliniambia. Mimi nikamjibu aende hospitali ya Bombo wakamwangalie macho.