Mrejesho: wachezaji wameanza kutoka nje ya barabara kuu

Niliuliza kwa nini wachezaji wa mchezo wetu wa mtandaoni hawazunguki ramani, wanakimbia tu kutoka kazi moja hadi nyingine. Ahsanteni sana kwa majibu. Haya ndiyo yaliyosaidia.

Alama za hazina tumeziondoa kwenye ramani ndogo ya pembeni mwa skrini. Zikiwepo, macho yanafuata mshale na mandhari hayaonekani. Sasa ishara zimo ndani ya ulimwengu wa mchezo wenyewe: moshi nyuma ya kilima, maji yanayochuruzika kwenye ufa wa mwamba.

Pointi za kugundua eneo zinatolewa mara moja kwa kila mhusika, kama mchezo wa mtandaoni World of Warcraft unavyofanya, na seva (kompyuta kuu ya mchezo) ndiyo inayotunza kumbukumbu. Sanduku la hazina nalo kila mchezaji analifungua kivyake. Likiwa la wote, wa kwanza anabeba, wanaofuata wanakuta tupu na hawarudi tena.

Zawadi isiwe silaha kali, maana mahali pake pataandikwa kwenye miongozo ya wachezaji na kila mtu atalazimika kwenda. Mapishi ya dawa au njia ya mkato ya kudumu inatosha kabisa.

Pango la kaskazini bado halina watu: mwisho wake umeziba, inabidi kurudi njia nzima. Tunatoboa tundu huko mwishoni, la kutokea karibu na mlango wa kuingilia.