Kigari cha haidrojeni kinaishiwa pumzi mlimani, tatizo ni hewa ya Arusha?

Mwanafunzi_Arusha:
Shikamooni wakubwa. Tunaunda kigari cha mtu mmoja cha haidrojeni, kazi ya mwaka wa mwisho. Rundo letu la seli za mafuta (zinazogeuza haidrojeni na hewa kuwa umeme) lina seli 24, bila mzigo, yaani mota ikiwa imezimwa, linasoma volti 22. Barabarani linakwenda vizuri dakika nane hivi, halafu tukianza kupanda kutoka Tengeru kurudi mjini linashuka hadi volti 11. Mtungi bado una gesi. Tukipumzika robo saa, nguvu inarudi. Mwenzangu anasema ni hewa nyepesi ya huku juu. Nimekosa usingizi.

Fundi_Moshi:
Marahaba mdogo wangu. Hewa nyepesi ipo: kwenye mita 1,400 mgandamizo ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Lakini hewa ya dakika ya kwanza ndiyo hiyohiyo ya dakika ya nane! Mimi nashuku maji. Kila gramu ya haidrojeni inayotumika inazaa gramu 9 za maji. Utando ulio katikati ya kila seli unahitaji unyevu ili protoni, chembe za haidrojeni zenye chaji, zipite, ila maji yakizidi yanaziba vijia vya gesi. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Toyota Mirai ya 2014 haina hata kifaa cha kuongeza unyevu, inazungusha maji ya seli zake zenyewe.

Chukua multimita, pima seli moja moja kigari kikiwa na mzigo. Seli nzima itasoma volti 0.6 hadi 0.7. Ukiona inayokwenda chini ya sifuri, kata mzigo papo hapo. Mimi nilichelewa, nikaunguza seli mbili, na roho inaniuma mpaka leo.

Mwalimu_Kemia:
Naongeza kidogo. Seli zikishuka chache tu, ni mafuriko. Zikishuka zote pamoja, huenda feni ya kuingiza hewa inakausha utando. Na mnapotoa gesi muwe nje, mbali na cheche. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani, tafadhali wanangu.

Mwanafunzi_Arusha:
Tumepima leo. Seli ya 22, 23 na 24, za mwisho kabisa kutoka gesi inapoingilia, zilisoma 0.2! Tumefungua vali ya upande wa haidrojeni nusu sekunde, matone yakatoka, volti ikapanda palepale. Kesho tunafunga vali ya umeme ijifungue yenyewe. Fundi, tuanze na kila sekunde ngapi ili tusipoteze gesi bure?

Fundi_Moshi:
Anza na 30. Ukifika mlimani, punguza sekunde, ifunguke mara nyingi zaidi.