Ushauri: Mhusika wangu hana habari na mapenzi, prodyuza anataka awe na jini mahaba

Wakuu, habari za jioni.

Naandika tamthilia. Mhusika mkuu, Rehema, ana duka la vitenge Kariakoo, hela anayo, marafiki tele. Mapenzi ndiyo hayamo. Hajaumizwa na mtu wala haumwi. Hajawahi tu kutamani, si kitandani, si kumuwaza mtu hadi akose usingizi. Prodyuza kasoma, anataka sehemu ya nne apelekwe kwa sheikh akasomewe, jini mahaba litoke, mwishoni aolewe na yule jirani mpole. Eti bila hivyo mtazamaji atauliza huyu ana shida gani. Nibishane au niuze? Na kodi ya nyumba ndiyo hiyo inanukia.

Mzee wa Tabata: Uza mkuu. Jini mahaba halijawahi kukosa watazamaji.

Mama Juni: Usimsikilize huyo. Mama yangu mdogo yuko hivyo hivyo, na nusu ya ukoo kalea yeye. Kila harusi wanamuuliza "na wewe lini?" Anajibu "nikimaliza hili pilau." Mtie huyo kwenye skripti.

Kamera Moja: Wamarekani nao walikuwa na jini lao. Tamthilia ya House, 2012, walileta mke na mume wasiotaka tendo la ndoa. Mwisho mume akakutwa na uvimbe kichwani, mke akakiri alikuwa anadanganya. Watu wa namna hiyo walichukia, na wana haki. Tafuta tamthilia ya Koisenu Futari ya televisheni ya NHK, Japani, 2022. Mwanamke na mwanaume, wote hawana mapenzi wala hamu, wanaamua kuishi pamoja kama familia. Nyumbani kwa binti wanadhani wamepata mkwe! Hiyo ukiileta Mbagala hubadilishi kitu. Ipo pia filamu ya Slow ya Lithuania, 2023, ila kijana wa mle anapenda kabisa, tendo tu ndilo hataki. Rehema si huyo, usiwachanganye.

Mleta uzi: Sawa mkuu, ila prodyuza ananiambia sheikh lazima awepo.

Mama Juni: Si umwachie sheikh wake? Asome, asome, kisha awaambie shangazi zake: "Huyu binti hana kitu, mrudisheni dukani." Shangazi wakasirike, watafute mganga Bagamoyo. Hapo una sehemu mbili nzima za kucheka.

Mleta uzi: Dah! Naiandika usiku huu huu. Na jirani mpole?

Mzee wa Tabata: Mpe mdogo wake Rehema. Harusi lazima iwepo bwana, tutakula nini?