Nimeuziwa koilova "za barabara na mbio" Kampala, na gari limekuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Miezi mitatu iliyopita nililipa shilingi milioni 4 na nusu katika duka moja la spea hapa Kampala, ambalo sitalitaja, ili nifungiwe koilova, yaani seti za shokomzoba na springi zilizounganishwa pamoja ambazo urefu na ugumu wake hurekebishwa, kwenye Subaru Impreza WRX STI yangu ya mwaka 2005. Gari hili ndilo linalonipeleka kazini kila siku, na panapokuwa na sprinti, yaani mbio fupi za magari za kushindana na saa, nalipeleka kwenye viwanja vya Busiika au Festino Cite kule Mukono. Nilimweleza muuzaji hayo yote kabla sijatoa hata shilingi moja. Alinihakikishia kwamba seti ile imetengenezwa kwa ajili ya matumizi yote mawili, na fundi wake akagonga springi kwa ufunguo wa spana akisema, "Ssebo, hii ni ngumu sana, haiwezi kuyumba."

Niliomba kujua mambo matatu: ugumu wa springi kwa kilo kwa milimita, urefu wa mwendo wa shokomzoba, na grafu ya ukinzani wake, yaani nguvu inayotumia kuzuia springi isiendelee kudunda. Sikupewa hata moja. Jibu lilikuwa kwamba koilova ina vituo 32 vya kurekebisha, yaani hatua za kuzungusha kirekebishaji cha ukinzani, kana kwamba idadi ya vituo inasema lolote kuhusu kinachotokea ndani ya shokomzoba. Kosa langu ni kwamba nililipa hata hivyo. Kosa lao ni kwamba hawakuwa na jibu na bado walichukua fedha.

Nyumbani nilisafisha springi ya mbele kwa brashi nikakuta imeandikwa 8, yaani inahitaji kilo 8 ili ibonyee milimita moja. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kila kona ya mbele ya gari hili hubeba karibu kilo 385 juu ya springi. Kwa springi ya kilo 4, kona hiyo hupanda na kushuka takriban mara 1.6 kwa sekunde, na hapo gari linaendeshwa kwa kasi bila kumchosha dereva. Kwa kilo 8 inafika zaidi ya mara 2 kwa sekunde, kiwango kinachofaa lami laini kama ya uwanja wa mbio wa Tsukuba, Japani, ambako koilova za aina hii zina kazi ya kweli. Uwanja wetu ni udongo. Busiika kuna mashimo, kuna mikwaruzo ya magurudumu iliyokauka, na mvua ikinyesha asubuhi njia ya mchana si ile uliyoikagua. Juu ya udongo tairi linahitaji kufuata ardhi, na springi ngumu kiasi hicho hulirusha hewani, na tairi lililo hewani haligeuzi gari wala halilisimamishi.

Hata hivyo springi si nusu ya tatizo. Springi ikiongezwa ugumu maradufu, shokomzoba inahitaji ukinzani wa takriban asilimia 40 zaidi ili kuituliza vilevile, hasa wakati wa kurudi, kwa sababu nguvu yote iliyohifadhiwa kwenye springi hutoka wakati huo. Zangu hazina ukinzani huo. Nikibonyeza bonati kwa mikono miwili na kuachia, pua ya gari inapanda, inashuka, inapanda tena, ndipo inatulia. Nimezungusha kirekebishaji kutoka kituo cha kwanza hadi cha ishirini bila kuhisi tofauti, na kuanzia hapo hadi cha mwisho gari linakuwa gumu kwenye matuta madogo huku likiendelea kudunda kwenye makubwa. Kwa maneno mengine, gari ni gumu na bado linayumba, na hayo ndiyo niliyoahidiwa kwamba hayatatokea.

Kisha kuna suala la urefu. Fundi alilishusha gari kwa kuteremsha kiti cha springi, yaani kisahani kinachoishikilia springi, ingawa koilova hizi zina nati ya chini ambayo hubadilisha urefu wa mwili mzima bila kula mwendo wa shokomzoba. Nilipomuuliza, alisema matokeo ni yaleyale. Si yaleyale hata kidogo. Nilifunga utepe wa plastiki, ule wa kukaza nyaya, kwenye fimbo ya shokomzoba ya mbele kulia, nikaendesha kutoka Mukono hadi Lugazi kwa mwendo wa kawaida na kurudi. Gari likiwa limesimama, palikuwa na milimita 38 tu kati ya utepe na mpira wa kuzuia, ule unaozuia shokomzoba isigonge mwisho wa mwendo wake. Niliporudi utepe ulikuwa umesukumwa hadi mwisho wa fimbo, mpira umepasuka upande mmoja, na kwenye sili mafuta yalikuwa yameanza kutoka na kushika vumbi jekundu mithili ya uji mzito. Hiyo ni barabara kuu ya Jinja, wala si uwanja wa mbio. Gari likigonga mpira huo katikati ya kona, ugumu wa gurudumu hilo hupanda ghafla na tairi la mbele hupoteza mshiko. Mimi nilitoka njiani mara mbili Busiika kwa namna hiyo, mahali ambapo kwa shokomzoba za kiwandani sikuwahi kutoka.

Kulishusha gari kumeharibu pia pembe za mikono ya chini, vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi, ambayo sasa inaelekea juu kwenye gurudumu. Kwa muundo wa makifersoni, ambao shokomzoba yenyewe hushikilia gurudumu kwa juu, kitovu cha kulala, yaani nukta ambayo gari huinamia likikata kona, hushuka zaidi ya kitovu cha uzito wa gari, kwa hiyo gari hutaka kulala zaidi kwenye kona, si pungufu. Hili hurekebishwa kwa bolijointi (kiungio cha mkono wa chini na gurudumu) ndefu zaidi. Hakuna aliyenitajia. Nilipolipeleka kwenye alaimenti, kupimwa pembe za magurudumu, niliambiwa tu kwamba toe (magurudumu kuelekea ndani au nje) imekaa sawa, nikalipa, nikaondoka.

Bushi ngumu za poliyurethini, zinazochukua nafasi ya mipira laini ya viungio, nilisukumiwa pia siku hiyohiyo. Nilizikataa, na nashukuru.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Shokomzoba za kiwandani za gari hili zimefungwa kichwa chini, mwili mnene ukiteleza ndani ya mrija wa nje, na grisi ikikauka ndani ya mrija huo hugonga kila ukipita shimo. Fundi wa duka alisikia mlio huo wa kugonga, akaniambia zimekufa na kwamba nisipoteze fedha kuzitengeneza. Nilimwamini. Juzi nilizipeleka kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo Ndeeba, akazifungua mbele yangu, akafuta grisi ya zamani iliyokuwa nyeusi na kavu, akapaka mpya, akazirudisha. Hazivuji, hazigongi, na ukizibonyeza zinarudi taratibu kama inavyopaswa. Kazi nzima ilichukua saa tatu. Kwa hiyo niliuziwa seti mpya kwa sababu ya grisi.

Nimewarudishia duka koilova zao pamoja na picha za utepe, mpira uliopasuka na mafuta yanayovuja. Wanadai nimezitumia mbioni na kwa hiyo dhamana imekufa, wakati neno "mbio" liko kwenye risiti waliyoniandikia wao wenyewe. Nataka fedha zangu. Na kama kuna mdau aliyefungiwa seti ya duka lolote hapa Kampala, naomba apime mambo matatu aandike hapa: namba iliyo kwenye springi, mwendo uliobaki hadi kwenye mpira gari likiwa limesimama, na mara ngapi pua inapanda baada ya kuibonyeza. Zangu ni 8, milimita 38, na mara mbili.